Kuunganisha ofisi mbili kwa handaki la WireGuard, na mambo yanayolikwamisha

Nilipoitwa kuunganisha ofisi mbili kwa mara ya kwanza, nilikuta aliyenitangulia ameshaimaliza kazi, kwa mtazamo wake. Alikuwa amefungua poti 3389, ile ya kuendesha kompyuta ya Windows kwa mbali, kwenye ruta ya ofisi kuu na kuielekeza moja kwa moja kwenye seva ya uhasibu, ili mhasibu wa tawi aingie kwa jina na nywila. Ilifanya kazi. Ila nilipofungua kumbukumbu za seva ile nilikuta majaribio ya kuingia kwa jina la "administrator" yamepangana kurasa kwa kurasa, yakipishana kwa sekunde chache, usiku wa manane na siku za mapumziko zikiwemo. Hakukuwa na mtu aliyeionea kijicho ofisi ile. Zipo programu zinazozunguka intaneti nzima zikigonga kila poti, na hiyo 3389 ni miongoni mwa zinazogongwa sana.

Nilichofanya siku ile ndicho ninachofanya mpaka leo: handaki kati ya ruta mbili, na seva hakuna inayoonekana nje. Pakiti ikitoka kompyuta ya tawi kwenda seva ya ofisi kuu, ruta ya tawi inaisimba, inaitia ndani ya pakiti nyingine, na kuituma kwenye intaneti ya kawaida. Ruta ya upande wa pili inaifungua na kuikabidhi. Mhasibu hasakinishi chochote wala habonyezi chochote. Yeye anaona tu folda imefunguka.

Kuhusu chaguo la teknolojia sitachelewa. Kama ofisi zote mbili tayari zina ruta zenye IPsec na IKEv2, njia nyingine ya kujenga handaki, tumia hiyo; inapita poti za UDP 500 na 4500 na imekaa miaka mingi ikiaminika. Tabu yake ni kwamba pande mbili lazima zikubaliane juu ya orodha ndefu ya vipengele, na kimoja kikitofautiana unabaki unatazama kumbukumbu zisizosema kitu. PPTP, njia ya zamani ya handaki, ukiikuta kwenye menyu ya ruta, ipite kama hujaiona: mwaka 2012 ilionyeshwa hadharani kwamba uthibitishaji wake wa MS-CHAPv2 unavunjika kwa kutafuta ufunguo mmoja tu wa DES, usimbaji wa zamani. Mimi natumia WireGuard, programu ya kujenga handaki, kazi ya Jason A. Donenfeld, ambayo imo ndani ya kiini cha Linux tangu toleo 5.6 la Machi 2020. Haikupi nafasi ya kuchagua usimbaji dhaifu kwa sababu haikupi nafasi ya kuchagua usimbaji kabisa. Maelezo yafuatayo ni ya mashine mbili za Linux, kila ofisi moja.

Kwanza karatasi

Usiguse kibodi. Chukua karatasi, chora maboksi mawili, na ndani ya kila boksi andika anwani za mtandao wa ndani wa ofisi hiyo. Nusu ya kazi zinazokwama hukwama hapa, kwa sababu ofisi zote mbili zinatumia 192.168.1.0/24, yaani anwani zote zinazoanza na 192.168.1, ile iliyokuja na ruta kutoka kiwandani.

Fikiria kompyuta ya tawi yenye 192.168.1.40 inayoitafuta seva 192.168.1.10 ya ofisi kuu. Inatazama anwani, inaona ni ya mtandao wake yenyewe, basi inauliza humo humo chumbani: nani mwenye 192.168.1.10? Hairuhusu pakiti ifike kwa ruta hata kidogo. Handaki linaweza kuwa halina kasoro yoyote na lisipitishe kitu, maana hakuna anayelipelekea mzigo.

Dawa ni kubadilisha anwani za ofisi moja, ile ndogo. Kuna njia ya mkato ya kutafsiri anwani za upande mmoja zionekane kama nyingine. Niliifanya mara moja na nikaijutia, kwa sababu kila kumbukumbu niliyosoma baadaye ilinipa anwani ambayo hakuna mashine inayoijua. Badilisha tu. Kompyuta zitapata anwani mpya zenyewe kutoka kwa DHCP, huduma ya ruta inayogawa anwani. Kinachokusumbua ni vitu vilivyoandikiwa anwani kwa mkono: printa, kamera, na ile mashine ya ukutani ya kusajili mahudhurio ambayo mimi niliisahau, na Jumatatu asubuhi ofisi nzima ikaonekana imetoroka kazini.

Chagua anwani zisizopendwa. Masafa ya ndani ni matatu: 10.0.0.0/8, 172.16.0.0/12 na 192.168.0.0/16. Mimi hapa nitatumia 10.47.10.0/24 kwa ofisi kuu, 10.47.20.0/24 kwa tawi, na 10.99.0.0/30 kwa ncha mbili za handaki lenyewe.

Jambo la pili kwenye karatasi ni nani anafikika kutoka nje. Angalau upande mmoja lazima uwe na anwani halisi ya intaneti, ikiwezekana ya kudumu. Tazama anwani ambayo ruta imepewa na mtoa huduma, kisha ilinganishe na ile ambayo tovuti ya kuonyesha IP inakuambia. Zikitofautiana, uko nyuma ya NAT ya mtoa huduma, yaani wateja wengi mnatumia anwani moja ya nje. Na ukiona inaanza na 100.64 mpaka 100.127, huna haja hata ya kulinganisha. Tawi likiwa hivyo hakuna shida, litakuwa ndilo linaloanzisha mazungumzo. Zote mbili zikiwa hivyo, omba anwani ya kudumu kwa upande mmoja, au kodi seva ndogo yenye anwani halisi iwe kituo cha katikati.

Funguo

Kila mashine inatengeneza ufunguo wake wenyewe, papo hapo:

umask 077
wg genkey | tee siri.key | wg pubkey > umma.key

Mstari wa kwanza unahakikisha faili haisomwi na watumiaji wengine wa mashine hiyo. Ufunguo wa siri hautoki kwenye mashine hiyo maisha yake yote. Si kwa barua pepe, si kwa ujumbe wa simu, si "nitaufuta baadaye". Wa umma utume unavyotaka, lakini piga simu msomeane herufi sita za mwanzo na sita za mwisho, mjue kwamba hakuna aliyeubadilisha njiani. Unaweza pia kuongeza ufunguo wa pamoja kwa amri ya wg genpsk. Huu ni siri kwa pande zote mbili, kwa hiyo mimi huubeba mwenyewe ninapokwenda tawini.

Faili ya ofisi kuu, /etc/wireguard/wg0.conf:

[Interface]
Address = 10.99.0.1/30
ListenPort = 51820
PrivateKey = (ufunguo wa siri wa ofisi kuu)

[Peer]
PublicKey = (ufunguo wa umma wa tawi)
AllowedIPs = 10.99.0.2/32, 10.47.20.0/24

Na ya tawi (203.0.113.10 ni mfano wa anwani halisi ya ofisi kuu):

[Interface]
Address = 10.99.0.2/30
PrivateKey = (ufunguo wa siri wa tawi)

[Peer]
PublicKey = (ufunguo wa umma wa ofisi kuu)
Endpoint = 203.0.113.10:51820
AllowedIPs = 10.99.0.1/32, 10.47.10.0/24
PersistentKeepalive = 25

Mstari wa AllowedIPs ndio unaochanganya watu, kwa sababu una kazi mbili. Pakiti ikitoka, unaamua ni mwenzi gani (Peer) apelekewe. Pakiti ikiingia, unakagua kama mwenzi huyo ana haki ya kutumia anwani aliyoandika kama mtumaji. Kama hana, pakiti inatupwa bila neno. Nimeona mafundi wakiandika 0.0.0.0/0 ili "kila kitu kipite". Kweli kila kitu kinapita: intaneti yote ya tawi inaanza kuzungukia ofisi kuu, na video za watu zinabanana na faili za uhasibu kwenye laini moja.

Ile 25 ni sekunde. Kila baada ya muda huo tawi linatuma pakiti tupu ili NAT ya mtoa huduma isisahau njia ya kurudi. Upande wenye anwani halisi hauihitaji.

Washa pande zote mbili kwa systemctl enable --now wg-quick@wg0. Kwenye ruta ya ofisi kuu ruhusu UDP 51820 iingie. Usiogope hiyo poti kama ile 3389: asiye na ufunguo akigonga, WireGuard haimjibu kitu, hata "hapana" haisemi.

Njia ya kwenda na ya kurudi

Linux haipitishi pakiti za wengine mpaka uiambie. Andika net.ipv4.ip_forward=1 kwenye faili ndani ya /etc/sysctl.d, kisha sysctl --system. Ukiiwasha kwa amri ya muda tu, itafanya kazi vizuri hadi umeme ukatike, na wewe ushaondoka.

Kama mashine hiyo ndiyo pia inayowapa watu intaneti, tazama kanuni yake ya kuficha anwani, ile ya masquerade. Iandikwe kwa kiolesura cha nje pekee, yaani mlango wa mashine unaoelekea intaneti. Ikiandikwa bila kutaja kiolesura, pakiti za handaki nazo zitavalishwa barakoa, na seva ya ofisi kuu itaona tawi zima kama mtu mmoja.

Lakini mara nyingi mashine ya Linux si lango. Lango ni boksi la mtoa huduma, na Linux imekaa pembeni yake na anwani yake, tuseme 10.47.10.5. Hapo utahitaji kuliambia lango la ofisi kuu: anayekwenda 10.47.20.0/24 apitie 10.47.10.5. Vivyo hivyo upande wa tawi. Watu hukumbuka njia ya kwenda wakasahau ya kurudi. Dalili yake haijifichi ukiendesha tcpdump -ni wg0, inayoonyesha pakiti zinazopita handakini, kwenye ofisi kuu: unaona maswali kutoka tawini yanaingia moja baada ya jingine, na jibu hata moja halirudi. Seva imejibu, ila jibu limepelekwa kwenye lango ambalo halijui 10.47.20.0 iko wapi, likalitupia intaneti.

Ukubwa wa pakiti

Hapa nilipoteza siku mbili. Ping ilipita. Ukurasa wa kuingia kwenye mfumo ulifunguka. Mhasibu akiomba ripoti ya mwezi, kiduara kinazunguka mpaka anakata tamaa. Akiomba ya siku moja, inakuja. Nililaumu seva, nikalaumu laini, nikabadilisha waya.

Sababu ni bahasha. Pakiti ya kawaida ya Ethernet ina baiti 1500. WireGuard ikiifunga inaongeza baiti 60 juu ya IPv4 na 80 juu ya IPv6, ndiyo maana mara nyingi hutumia 1420 ndani ya handaki. Laini yenyewe ikiwa na nafasi ndogo kuliko 1500, kama zile za PPPoE zinazoishia 1492, pakiti kubwa haitoshi mlangoni. Kwa kawaida ruta iliyoshindwa hutuma ujumbe wa ICMP kusema "punguza". Ruta nyingi zimefungwa ujumbe huo na mtu aliyeambiwa kwamba ICMP ni hatari. Basi vitu vidogo vinapita, vikubwa vinapotelea njiani kimyakimya.

Pima. Kutoka tawini, nje ya handaki, kama ruta ya ofisi kuu inajibu ping:

ping -M do -s 1472 203.0.113.10

Ikikataa, shusha namba mpaka ipite. Ongeza 28 kwenye namba iliyopita, kisha toa 80, na hiyo uiandike kama MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti, kwenye [Interface] pande zote mbili. Kwa PPPoE utaangukia 1412. Kisha ongeza kanuni hii kwenye mashine zote mbili, ili miunganisho ya TCP ikubaliane ukubwa unaotosha tangu mwanzo:

iptables -t mangle -A FORWARD -p tcp --tcp-flags SYN,RST SYN -j TCPMSS --clamp-mss-to-pmtu

Saa

Hili sikulitarajia kabisa. Handaki lilikuwa limekaa miezi bila kuguswa. Umeme wa tawi ukakatika kwa saa kadhaa, ukarudi, handaki halikurudi. Funguo zilezile, mipangilio ileile. Kwenye ofisi kuu tcpdump ilionyesha pakiti za tawi zinafika vizuri kwenye 51820, na WireGuard inazitazama tu.

Salamu ya kwanza ya WireGuard hubeba saa ya mtumaji, na mpokeaji hukumbuka saa kubwa kuliko zote alizowahi kuzipokea kutoka kwa mwenzi yule. Salamu yenye saa ya nyuma huitupa, ili mtu aliyenasa salamu ya jana asiweze kuirudia leo. Ruta ya tawi ilikuwa kiboksi kidogo kisicho na betri ya saa. Ilipowaka iliamini ni tarehe ya miezi kadhaa nyuma. Ingejirekebisha kwa kuuliza seva ya saa, isipokuwa fundi mmoja mwerevu, yaani mimi, alikuwa ameielekeza iulize seva ya saa ya ofisi kuu, ndani ya handaki. Handaki linasubiri saa, saa inasubiri handaki. Na ofisi kuu isingeweza kuanza yenyewe, kwa sababu tawi lilikuwa nyuma ya NAT na poti ya zamani haikuwepo tena.

Nililitoa kwa kuzima na kuwasha wg0 ya ofisi kuu, kumbukumbu yake ya saa ikafutika. Kisha nikairekebisha ruta ya tawi ichukue saa moja kwa moja kutoka seva za NTP za intaneti, nje ya handaki. Fanya hivyo tangu siku ya kwanza.

Kuna ndugu yake tatizo hili. Kama Endpoint umeiandika kwa jina badala ya namba, jina hutafsiriwa mara moja tu handaki linapowaka. Anwani ya ofisi kuu ikibadilika, tawi litaendelea kuituma salamu kwenye anwani ya zamani. Vifaa vya WireGuard huja na skripti inaitwa reresolve-dns.sh, ipange iendeshwe kila nusu dakika.

Nani apite

Handaki likishapitisha kila kitu, ofisi mbili zimekuwa chumba kimoja, na virusi vya chumba hiki ni vya kile. Mei 2017 WannaCry ilisambaa yenyewe kutoka kompyuta moja hadi nyingine kupitia poti 445, ya kushirikiana faili, bila mtu kubonyeza chochote. Handaki lililosimbwa vizuri lingeipeleka kwa usalama kamili hadi upande wa pili.

Kwa hiyo kwenye mnyororo wa FORWARD, ule wa kanuni za pakiti zinazopitishwa, msimamo wangu wa msingi ni kufunga kila kinachotoka wg0, na kabla ya kanuni hiyo naruhusu majibu ya miunganisho iliyokwisha kuanzishwa, halafu naruhusu kwa majina: tawi kwenda seva ya faili poti 445, kwenda mfumo wa uhasibu 443, kwenda DNS ya ndani 53, na seva ya ofisi kuu kwenda printa ya tawi 9100. Hiyo ndiyo orodha nzima ya ofisi ile. Atakayehitaji zaidi atasema, na akisema ninapata nafasi ya kumuuliza kwa nini. Seva ya faili irekebishwe pia isihudumie SMBv1, toleo la kwanza la njia hiyo ya kushirikiana faili; hakuna sababu ya kuibakiza.

Kujaribu

Anza karibu uende mbali, usiruke. Kwanza wg show: unatafuta mstari wa latest handshake, na pakiti zikiwa zinapita usizidi dakika mbili hivi. Kisha ping kutoka 10.99.0.2 kwenda 10.99.0.1. Kisha kwenda anwani ya ndani ya ruta ya mbali, 10.47.10.5. Kisha kompyuta iliyo nyuma yake. Inapokatikia ndipo ugonjwa ulipo: ya kwanza ni funguo, poti au saa, ya tatu ni AllowedIPs, ya nne ni njia ya kurudi au ukuta wa moto.

Na kwenye hiyo ya nne, kabla hujavuruga ruta, tazama Windows. Ukuta wake wa moto kwa kawaida huruhusu ping na faili kutoka mtandao uleule tu, na tawi sasa ni mtandao mwingine. Ongeza 10.47.20.0/24 kwenye kanuni husika za seva.

Unaporekebisha ruta ya tawi ukiwa mbali, tanguliza shutdown -r +10. Ukijifungia nje, baada ya dakika kumi itajiwasha upya na mipangilio ya zamani, almuradi ulikuwa hujaihifadhi mipya. Ukifaulu, andika shutdown -c na uhifadhi. Mimi nilijifunza hili ndani ya basi, nikienda tawini kufuta mstari mmoja.

Likikaa sawa, acha lipite siku mbili tatu watu wakilitumia. Baada ya hapo rudi kwenye ruta ya ofisi kuu ufute ule uelekezaji wa zamani, kisha zima Wi-Fi ya simu yako na ujaribu 3389 kwa data ya simu uhakikishe haijibu. Pale kwa mhasibu niliifuta saa kumi na dakika ishirini jioni. Jaribio la mwisho la "administrator" kwenye kumbukumbu za seva ile ni la saa kumi na dakika kumi na tisa.